Mstari Ulio Kwenye Kadi ya Kliniki

Akina mama wapendwa, msishtuke tukisema kwamba mwezi huu tunataka kuzungumza habari za grafu.

Jioni moja binti yetu wa kidato cha pili alituletea jikoni daftari lake la hisabati. Alishindwa kutafuta mwinuko wa mstari. Kitabu chake ni cha Kiingereza, na tunadhani lugha ilimtisha kuliko hesabu yenyewe. Tulikuwa karibu kumjibu kama wengi wetu tunavyojibu, "Mngoje baba yako." Ndipo tukakumbuka kadi ya kliniki ya mdogo wake, iliyokuwa kabatini.

Itazame kadi yako, mama. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, imepangwa miezi. Pembeni, kutoka chini kwenda juu, zimepangwa kilo. Muuguzi hutia nukta mahali mwezi na kilo vinapokutana, kisha huunganisha nukta hizo. Hiyo ni grafu. Kila mwezi wa kupimwa una uzito mmoja tu, na uhusiano wa namna hiyo ndio wanahisabati huuita fankisheni.

Mwinuko je? Ni kilo zilizoongezeka, ukizigawanya kwa miezi iliyopita. Mdogo wake alizaliwa na kilo 3.1, na alipotimiza miezi 3 alikuwa na 5.8. Ziliongezeka 2.7, gawanya kwa 3, unapata 0.9, yaani gramu 900 kila mwezi. Hapo mstari unapanda kama mlima. Toka mwezi wa 6 hadi wa 9 alitoka 7.2 akafika 8.1, sawa na gramu 300 tu kwa mwezi. Hilo lisikutie hofu, maana watoto wote hupunguza kasi wanapokua.

Binti akaendelea mwenyewe. Mwezi wa 9, kilo 8.1. Mwezi wa 12, kilo 8.1. Akatoa, akapata sifuri. Akagawanya, sifuri tena. "Mama, mbona hapa haupandi?"

Tulinyamaza. Tulikuwa tumeridhika kwa kuwa nukta zote zilikuwa ndani ya njia ya watoto wenye afya. Na kweli, kilo 8.1 kwa msichana wa mwaka mmoja si uzito mbaya. Lakini mstari ulikuwa umelala miezi mitatu, na mstari uliolala ni onyo hata kama nukta iko mahali pazuri. Daktari David Morley, Mwingereza aliyeanzisha kadi za namna hii huko Imesi-Ile, Nigeria, miaka ya 1950, alitaka kadi ikae kwa mama mwenyewe ili onyo lionekane mapema. Yetu ilikaa kabatini!

Kesho yake tulikwenda kliniki. Muuguzi hakutugombeza. Aliuliza tu mtoto anakula nini, nasi tukasema uji, mara mbili. Mwepesi? Mwepesi. Akatuambia tuendelee kumnyonyesha, tumpe chakula kizito mara tatu au nne kwa siku, na tuongeze karanga zilizosagwa, mafuta kidogo, dagaa au yai.

Nukta ya mwezi wa 13 ilikuwa kilo 8.4. Binti aliichora pia kwenye daftari lake, kwa penseli, akaandika pembeni: mwinuko 0.3.