Si kila anachojua mtoto lazima kiuzwe

Siku hizi ukimfundisha mtoto kazi yoyote ya mkono, swali la kwanza ni moja: itamlipa? Hapa Bagamoyo nimeulizwa na majirani, na wazazi wenzangu, hata na mwalimu mmoja mstaafu ninayemheshimu sana. Jibu langu halijabadilika. Sindano niliyompa binti yangu si mtaji. Nilimpa kwa sababu kushona pamoja naye ni raha, na raha hiyo peke yake inatosha.

Tunashona kofia ya kiua. Wengi wanaijua kwa kuivaa tu. Kitambaa cheupe hupangwa tabaka mbili, maua yakachorwa kwa penseli, kisha kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi hadi ukingo wake ukaze. Vitundu hivyo ndivyo vinavyolitoa ua, na ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani, neema ambayo mtu wa pwani anaijua vizuri wakati wa kaskazi. Kipande cha kuzunguka kichwa hushonwa peke yake, cha juu peke yake, ndipo viunganishwe. Mwishoni kofia hufuliwa, hutiwa wanga na kuanikwa ikiwa imevalishwa kwenye kitu cha duara ili ikauke na umbo lake. Kofia nzuri hula wiki nyingi, pengine miezi.

Kwa muda huo, mkono hauwezi kushindana kwa bei na kofia za mashine zilizojaa madukani Kariakoo. Wapo mafundi Zanzibar na Lamu wanaoishi kwa sindano, nami nawatakia wateja wanaolipa haki ya jasho lao. Lakini kumwambia mtoto wa miaka kumi ashone ili atajirike ni kumdanganya, na siku atakapogundua ataichukia kazi yenyewe.

Kuna faida ambayo haiingii kwenye daftari la mauzo. Baada ya alasiri binti yangu huchukua kipande cha juu, mimi nikachukua cha mzunguko. Macho yakishatulia kwenye uzi, maneno huja yenyewe. Ni hapo aliponiambia kwamba anaogopa hesabu, na ni hapo aliponiuliza, “Baba, bibi alijuaje pa kutoboa bila kuchora?” Nikamweleza habari za mama yangu, aliyenifundisha mimi, na ambaye mjukuu wake hakumwahi. Ningemkalisha kitako nimhoji, nisingepata hata nusu ya hayo.

Mkono wake unavuta uzi sana, wangu umelegea. Atakayeishika kofia yetu ataona wazi nani kashona wapi. Nawasihi wazazi: msifumue usiku alichoshona mtoto mchana. Kitundu kilichokwenda upande kiacheni, ni chake. Ukikifumua umemfundisha kwamba unaitaka kofia kuliko unavyomtaka yeye.

Wala msiwaweke kando watoto wa kiume. Kazi hii wanaifanya wanaume na wanawake, na anayeivaa ni mwanamume. Mtoto wa kiume atakayekwenda Idi, au kwenye maulidi hapa mjini yanayohusishwa na jina la Sheikh Ramiya, akiwa na kofia aliyoshona na mama yake, atakuwa na cha kujivunia. Ng'ambo ya bahari, Oman, kofia ya jamii hiyohiyo huitwa kumma, nao huivaa katika maisha ya kila siku. Ni urithi mkubwa, na mlango wake ni mdogo: sindano, uzi na kipande cha kitambaa cheupe.

Kwa hiyo ombi langu ni la likizo ya Juni. Mzazi mwenzangu, usianze na kofia. Chukua leso, chora ua moja kwenye kona, mtoto ashone upande huu nawe upande ule. Kama hujui kushona, mtafute bibi au babu wa mtaa anayejua, mkae kwake wote wawili kama wanafunzi. Mtoto akikuona nawe unahangaika na fundo la uzi, atajifunza kwamba mtu mzima naye bado anajifunza, na hilo halifundishiki kwa mdomo.