Maongezi ya Barazani: Mabao 17 na Nauli ya Binti



Juma lililopita baba mmoja wa kijiji cha jirani alinijia barazani, akaketi, akauliza: "Mzee, mchezaji bora si ndiye yule afungaye mabao mengi?" Kumbe wanawe wawili wanabishana juu ya jambo hilo kila jioni hata chakula kinapoa, naye amechoka kuamua. Nikamwambia, "Ndugu yangu, swali hilo nalijua. Mwaka 2022 lilikaribia kuivunja nyumba ya dada yangu." Akanitaka nimsimulie. Nikaona yafaa niwasimulie na ninyi, maana nyumba zenye Simba na Yanga chini ya paa moja ni nyingi.

Kwanza niwaeleze akina mama na wengine wasioufuata mpira. Katika msimu wa 2021/22 Ligi Kuu yetu ya Tanzania Bara ilikuwa na timu 16. Kila timu hukutana na kila mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini, basi huwa michezo 30. Anayeshinda hupewa pointi 3, wakitoka sare kila mmoja hupata 1, anayeshindwa huondoka mikono mitupu. Mwishoni hesabu hujumlishwa, na mwenye pointi nyingi ndiye bingwa. Mashindano haya ni ya zamani. Yalianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 1971 huitwa Simba.

Basi kabla ya msimu huo Simba walikuwa wameuchukua ubingwa mara nne mfululizo, na watu wa Yanga walikuwa wanyonge hata sokoni. Lakini msimu huo Yanga walicheza michezo yote 30 bila kufungwa hata mmoja. Walishinda 22, wakatoka sare 8. Zidisha 22 kwa 3, ongeza 8, utapata pointi 74. Simba walifuata nyuma wakiwa na 61. Na timu hizi mbili zenyewe zilipokutana, Desemba 2021 na tena Aprili 2022, hakuna aliyeliona lango la mwenzake. Mara zote mbili ilikuwa 0 kwa 0.

Sasa habari ya wafungaji. Yanga walikuwa na Fiston Mayele, kijana kutoka Kongo, aliyekuja kutoka klabu ya Vita ya Kinshasa. Kila akifunga bao hutetemesha mwili kwa namna yake, nao watoto wetu huku Mafia walimwiga pwani tangu asubuhi hadi magharibi, hata wasiojua kupiga mpira. Lakini kule Geita, mji wa machimbo ya dhahabu upande wa Ziwa, ilikuwako timu changa iitwayo Geita Gold, iliyokuwa imepanda Ligi Kuu msimu ule ule. Humo alikuwamo Mtanzania mmoja, George Mpole. Jina lake ni Mpole, lakini mbele ya lango hakuwa na upole wowote. Hawa wawili walifukuzana kwa mabao mpaka siku za mwisho.

Hapa ndipo tufike nyumbani kwa dada yangu. Dada ni mjane. Ana wana wawili wa kiume wanaovua samaki kwa ngalawa ya marehemu baba yao, na binti mmoja aliyekuwa akisoma sekondari ya bweni huko bara. Kaka mkubwa ni Yanga, mdogo wake ni Simba. Wakitoka baharini na kuuza samaki Kilindoni, kila mmoja alitia fungu lake katika mkebe uliokaa chini ya kitanda cha mama. Fedha za mkebe zilikuwa za nauli na mahitaji ya binti, arudipo shule baada ya likizo ya Julai.

Kisiwani kwetu hatuna timu ya Ligi Kuu. Tunaitazama ligi katika vibanda vya televisheni, na wasio na fedha ya kiingilio husikiliza redioni. Jioni moja ya Juni wale vijana walikuwa kibandani, maneno yakawa makali. Kaka akasema Mayele ndiye atakayeongoza kwa mabao. Mdogo, kwa kuwa Simba yake haikuwa na wa kumshindanisha, akashika upande wa Mpole. Watu wakacheka, wakachochea. Ndipo kaka akatamka mbele za watu: "Tuweke mkebe." Mdogo akajibu, "Uwekwe." Wala hakuna aliyekumbuka kwamba mkebe haukuwa wake.

Ligi ikaisha mwishoni mwa Juni 2022. Mayele alikuwa na mabao 16. Mpole alikuwa na 17. Bao moja tu, wasomaji, liliwatenga.

Mdogo akauchukua mkebe mama akiwa shamba. Akanunua simu, akanunua viatu vya mpira, akawanunulia soda waliomshangilia. Kwa siku nne fedha zikaisha. Kaka hakusema neno kwa mama, kwa aibu. Lakini kwa mdogo wake hakunyamaza. Alisema Mpole alikuwa na mabao tu, ila mchezaji bora ni Mayele, kwa kuwa mabao yake yameleta ubingwa, na ya Mpole yameiweka Geita katika nafasi ya nne. Mdogo akasema hesabu haidanganyi, 17 ni zaidi ya 16. Wakafikia mahali pa kutosemezana. Na ninyi mnaoijua bahari mnajua kwamba watu wawili hawawezi kwenda na ngalawa moja bila kusemezana. Huyu ameshika usukani, yule ashike tanga, na maji yanayoingia nani ayatoe? Ngalawa ikalala mchangani majuma mawili.

Dada yangu alipouvuta mkebe na kuukuta mwepesi, hakupiga kelele. Alinituma mtoto kuniita. Nilipofika vijana walinipa shikamoo, nikaitikia, tukaketi. Nikawauliza habari, wakaanza tena: Mpole, Mayele, 17, 16, ubingwa, nafasi ya nne. Nami, niseme kweli, nilivutwa na mabishano hayo, nikaanza kupima hoja zao kama hakimu. Dada akasimama akachukua kapu na mchokoo wake, akaenda zake pwani.

Siku zile ilikuwa bamvua, maji yakipwa sana na mwamba ukionekana mbali. Alikwenda kuchokoa pweza. Alikwenda siku hiyo, na kesho yake, na kila siku maji yalipomruhusu, mama wa miaka zaidi ya hamsini, miguu majini, akauza na kuweka akiba upya. Binti alipanda boti ya Nyamisati akiwa amechelewa juma zima, na masomo ya juma hilo alikuja kuyaandika kutoka daftari za wenzake.

Katikati ya hayo zikatolewa tuzo za msimu. Wale vijana walikwenda kibandani kila mmoja kwa njia yake. Mpole alipewa heshima ya mfungaji bora, kama ilivyostahili. Ilipofika zamu ya mchezaji bora wa msimu wote, kaka alikaa tayari kusikia jina la Mayele, mdogo akisubiri jina la Mpole. Likatajwa jina la Yannick Bangala.

Lo! Bangala? Yeye pia ni Mkongo wa Yanga, lakini si mfungaji. Kazi yake ilikuwa katikati ya uwanja mbele ya mabeki, kuukata mpira wa adui kabla haujaleta hatari, na kuutoa kwa mwenzake aliye mahali pazuri. Beki akiumia au akikosekana, Bangala alirudishwa nyuma kuziba pengo, naye akaenda bila kunung'unika. Timu iliyomaliza michezo 30 bila kufungwa ilisimama juu ya mabega ya watu kama yeye. Wale vijana walikuwa wamemwona msimu mzima katika kile kibanda, na katika ugomvi wao wote hawakumtaja hata mara moja.

Mdogo ndiye aliyekuja kwangu usiku ule. Akasema, "Mjomba, tumegombania watu wawili, na mwenye tuzo ni wa tatu." Nikamwuliza, "Na nyumbani kwenu, wa tatu ni nani?" Hakunijibu. Nadhani aliona lile kapu la pweza. Asubuhi aliiuza ile simu kwa hasara, akampelekea mama fedha. Kaka naye alimwomba mama msamaha kwa kuutamka mkebe mbele za watu. Na mimi pia niliomba msamaha, maana nilikuwa nimeitwa kuamua habari ya nauli ya mtoto, nikakaa kuamua habari ya mabao. Siku ya tatu ngalawa ikaingia majini.

Sisemi mfungaji si kitu. Bila bao hakuna ushindi, na anayelijua lango ana kipaji cha Mungu. Wazee wanamkumbuka Mohamed Hussein, aliyeitwa Mmachinga, aliyefunga mabao 26 mwaka 1999, na ni haki akumbukwe. Ninalosema ni kwamba bao ndilo jambo jepesi kuhesabu, na mwanadamu hupenda kusifu kinachohesabika. Mpira uliookolewa haumo katika hesabu ya mabao. Kadhalika katika nyumba tunahesabu fedha aliyoleta baba, na gunia alilovuna kijana, lakini nani amehesabu ndoo za maji, au usiku mama aliokesha na mtoto mwenye homa? Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho habari ya mwili wenye viungo vingi, kwamba kila kimoja kina kazi yake. Naamini angalikuwako kibandani kwetu angalimwona Bangala kabla yetu.

Tazameni pia yaliyofuata. Mpole aliondoka Geita akaenda kucheza Lubumbashi, katika klabu yenye jina la Mtakatifu Eligio, Saint-Éloi Lupopo. Geita Gold, iliyokuwa na mfungaji bora wa nchi mwaka 2022, ilishuka daraja mwaka 2024. Mabao 17 ya mwaka mmoja hayakuweza kuilinda siku zote.

Na msimu wa 2022/23 ukaleta mzaha wake. Mayele alifunga mabao 17. Simba walikuwa na Saido Ntibazonkiza, Mrundi, ambaye katika msimu ule wa ugomvi alikuwa amevaa jezi ya Yanga, kisha akaenda Geita Gold, na katikati ya msimu akaingia Simba. Juni 2023 alifunga mabao matano katika mchezo mmoja dhidi ya Polisi Tanzania. Hesabu ilipofungwa, naye alikuwa na mabao 17! Wa Yanga 17, wa Simba 17, wakashirikiana heshima ile ya mfungaji bora. Niliwacheka sana wapwa zangu. Nikawaambia, "Mngeweka mkebe mwaka huu, mngegawana senti kwa senti."

Lakini mkebe hawauweki tena. Siku hizi kuna kampuni nyingi za kuweka dau, na kijana anaweza kuupoteza mkebe wa nyumba kwa kubonyeza simu tu, bila hata kumwona aliyeuchukua. Wazazi, waulizeni vijana wenu, kwa upole. Nanyi vijana, tazameni mpira, shangilieni, bishaneni, hakuna dhambi. Lakini kabla hujatamka "tuweke," jiulize fedha hiyo ni jasho la nani, na ni nauli ya nani.

Yule baba wa jirani akaniuliza, "Basi niwajibu nini wanangu?" Nikamwambia: leo jioni, kabla hawajaanza kubishana, waambie kila mmoja ataje kazi tatu alizofanya mama yao tangu alfajiri. Atakayeshindwa ndiye atakayeosha vyombo. Juzi nimemwona dukani. Amesema wote wawili wameosha vyombo siku tatu mfululizo, na chakula siku hizi huliwa kingali moto.

Kwa herini, Mungu awabariki nyumbani mwenu.