Meza pepe: anza na simu ya mchezaji, mbwembwe baadaye

Kila nikitaja kwamba naendesha mchezo wa Dungeons & Dragons kwa intaneti, naulizwa swali lile lile: unatumia programu gani? Mimi hujibu kwa swali. Wachezaji wako wanatumia nini? Tarakilishi au simu? Simu yenye RAM kiasi gani? Na bando wananunua la siku au la mwezi? Ukishanijibu hayo, nusu ya programu zilizoko sokoni zimejiondoa zenyewe.

Kwa wageni wa mambo haya, maelezo mafupi. Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 1974, Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja anakuwa mwendesha mchezo: anasimulia, anaigiza maadui, anaamua mambo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Dadu zinaamua kama upanga umepata au umekosa. Kwa asili watu hukaa mezani na karatasi, penseli na vinyago. Meza pepe ni programu inayoleta ile meza kwenye skrini: ramani, kete za wahusika, dadu, na ukungu unaofunika vyumba ambavyo wachezaji hawajafika. Basi. Mengine yote ni nakshi.

Tatizo ni kwamba programu hizi hushindana kwa nakshi. Mwanga unaofuata mhusika na kukatika kwenye ukuta, milango inayolia, moto unaowaka. Ukitazama video za matangazo unatamani vyote. Lakini video hizo zimerekodiwa kwenye mashine ya mtu mwenye kadi nzito ya michoro na faiba nyumbani.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huteleza. Chukua ramani ya pikseli 4000 kwa 4000. Kama PNG inaweza kufika MB 20. Ukiibana kuwa WebP inaweza kushuka hadi MB 2 au 3, na unajipongeza kwamba umeokoa bando za watu. Ni kweli umeokoa bando. Ila ikishafika kwenye simu na kufunguliwa ili ichorwe, kila pikseli hudai baiti 4. Elfu nne mara elfu nne mara nne ni baiti milioni 64, hata faili iwe ndogo kiasi gani. Ongeza tabaka la mwanga, tabaka la ukungu na picha za kete, halafu uikabidhi kazi hiyo simu ya GB 2 ambayo tayari ina WhatsApp na gumzo la sauti nyuma ya pazia. Kivinjari kinajifunga, mchezaji anarudi kuanza upya, mara ya tatu anasema ana kazi kesho asubuhi. Humwoni tena. Ukiipunguza ramani hiyo hiyo hadi 2000 kwa 2000, MB 64 zinakuwa 16, na kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti.

Sasa programu zenyewe.

Roll20 ndiyo wengi huijua. Ilianza mwaka 2012 baada ya kuchangiwa fedha Kickstarter, inaishi kwenye kivinjari, na seva ni ya kwao, kwa hiyo wewe huna cha kufunga wala kutunza. Unaanza bure, na baadhi ya mambo yanadai malipo ya kila mwezi au mwaka. Kwa kikundi chenye tarakilishi na kisichotaka kusikia neno "seva", inatosha. Kinachonisumbua ni kutoka. Kampeni ya miaka miwili ni maandishi, picha, wahusika na kumbukumbu nyingi sana, na watu binafsi wamelazimika kujitungia zana za kuvuta mali yao kutoka humo kwenda kwingine.

Foundry, iliyotoka 2020, ni kipenzi cha sisi waandika programu, na sababu inaeleweka. Leseni ni dola 50, unalipa mara moja, tena mwendesha mchezo peke yake. Wachezaji wanaingia kwa kivinjari bila kulipa kitu. Inaendeshwa na Node.js kwenye mashine yako, na data iko kwenye folda yako. Ukitaka nakala rudufu, nakili folda. Moduli zake ni nyingi kupita kiasi, na hapo ndipo mtu hupotelea: anakaa wiki nzima akipanga moduli na hajaandika hata jina la mwovu wa hadithi.

Lakini Foundry ina mambo mawili ya kupima kabla hujatoa hizo dola. La kwanza, haikukusudiwa skrini ya simu. La pili, lazima ikae mahali. Ukiiweka nyumbani, kinachohesabika ni kasi ya kupandisha, si ile ya kupakua inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Wachezaji watano wakihitaji MB 12 kila mmoja mnapoingia chumba kipya, hizo ni MB 60. Kwa kasi ya Mbps 5 ya kupandisha ni sekunde 96 za ukimya mezani. Halafu watoa huduma wengi huwapanga wateja kadhaa nyuma ya anwani moja ya IP, hivyo hata ukifungua mlango kwenye ruta yako, mgeni hafiki. Utalazimika kuchimba handaki kupitia huduma ya mtu wa kati, au kukodi seva ndogo ya dola chache kwa mwezi. Seva ikiwa Ulaya si neno: safari ya kwenda na kurudi kutoka Nairobi ni takribani milisekunde 150, na mchezo huu ni wa zamu.

MapTool ni programu huria, imeandikwa kwa Java, ina nguvu za ajabu kwa bei ya bure. Kila mchezaji lazima aifunge kwenye tarakilishi yake, tena toleo linalooana na la mwenyeji. Jitayarishe kuwa fundi wa watu wengine kila wikendi.

Na kuna Owlbear Rodeo. Mchezaji anabofya kiungo, hana haja ya akaunti, anaona ramani na kete. Haijui kanuni za mchezo wowote, na mimi nahesabu hilo kuwa sifa. Inafanya kazi kwenye simu. Nina wachezaji watano Jumamosi usiku, wawili kwa simu, mmoja wao akiwa kwenye bando, na hii ndiyo tunayotumia. Hadithi, majina, hazina na madeni ya wahusika viko kwenye faili za maandishi ya kawaida ndani ya Git. Meza ikifungwa kesho, nimepoteza meza tu.

Na meza hufungwa. Wizards of the Coast, wenye D&D, walionyesha meza yao ya 3D mwaka 2022, baadaye ikaitwa Sigil. Ilitolewa mwanzoni mwa 2025, na wiki chache tu baadaye wengi wa waliokuwa wakiiunda wakaachishwa kazi. Kampuni hiyo hiyo, Januari 2023, ilisambaza rasimu ya leseni ambayo sera yake ya meza pepe ilikataza hata kuonyesha kombora la kichawi likiruka kutoka kwa mchawi hadi kwa adui. Wachezaji walipiga kelele mpaka rasimu ikaachwa, na kabla mwezi haujaisha kanuni za msingi zikawekwa chini ya Creative Commons. Ilikwisha vizuri, lakini uliona nani ana mkono kwenye swichi.

Najua nitajibiwa kwamba bila mwanga na vivuli, pango halitishi. Sikubali. Sauti ya msimulizi inatisha kuliko kivuli chochote, na ni nyepesi: mkondo mmoja wa sauti wa kbps 32 kwa saa nne ni MB 58 hivi. Video ya Mbps 1 kwa muda huo huo ni GB 1.8. Zimeni kamera.

Kama tayari mko katikati ya kampeni kwenye programu nyingine, msihame wiki hii. Malizeni sura mliyo nayo, mwendesha mchezo anakili maandishi yake yote nje, kisha mjaribu meza mpya kwa kipindi kimoja kifupi chenye ramani moja. Mwacheni mwenye simu dhaifu awe wa kwanza kuingia.