Mkojo wa damu si kubalehe

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alijifunza mbio za baiskeli katika vilima vya Kikuyu chini ya David Kinjah. Akaja kuwa hodari wa kupanda milima, akashinda Tour de France mara 4. Kabla ya hapo alikuwa akichoka bila kujua sababu, leo mzima, kesho hoi. Mwaka 2010 vipimo vikaonyesha kichocho. Alimeza praziquantel zaidi ya mara moja, na 2013 akachukua Tour yake ya kwanza. Sisemi kidonge ndicho kilichompa ushindi, ila alipimwa.

Mtoto wetu wa Tabora je? Anaoga lamboni, anapandikiza mpunga na mama yake, kisha akisinzia darasani tunamwita mvivu. Akikojoa damu, wapo wazee watakaocheka na kusema amekuwa mwanaume. Mzazi, usikubali. Konokono wa majini hutoa vimelea vinavyopenya ngozi hata isiyo na jeraha. Mtoto hupungukiwa damu, na baada ya miaka kibofu au ini huharibika.

Mpeleke kituo cha afya, uombe apimwe mkojo na choo. Mkojo utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai ya kichocho huonekana kwa wingi. Dawa zinazogawiwa shuleni hazimfikii mdogo wake aliye nyumbani, wala wewe unayeshinda majarubani. Nanyi mpimwe siku hiyohiyo.