Hatia Ndogo Isiyo na Kikomo

Kwa mwalimu mpya anayetaka kusajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), shahada peke yake haitoshi. Sharti awe pia na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Alama za vidole vyake huchukuliwa, zikalinganishwa na kumbukumbu za watu waliowahi kutiwa hatiani. Walio wengi hawapati taabu yoyote. Makala haya yanawahusu wale ambao miaka kadhaa iliyopita, wakiwa na umri wa miaka 19 au 20, walisimama kizimbani Kitui, Mutomo, Tawa au Makindu, wakatamka maneno mawili tu: "Ni kweli."

Makosa yenyewe anayajua kila aishiye katika kaunti hizi mbili. Ni gunia la makaa lililobebwa kwa pikipiki bila kibali. Ni kupakia mchanga lorini usiku wa manane. Ni mtungi wa kaluvu uliokutwa nyumbani siku ya msako, mama hayupo, na kijana aliyefungua mlango ndiye aliyechukuliwa. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Na Januari 2018 Gavana wa Kitui wakati huo, Bi Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa na usafirishaji wa mchanga nje ya kaunti. Siyatetei makosa haya. Mito yetu ni ya msimu, na mchanga ndio unaohifadhi maji yake. Mwanamke anayefukua kisima mtoni wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa hasara ya mchanga kuhamishwa. Alimradi mkosaji ameadhibiwa, faini ikalipwa au siku za kifungo zikaisha, swali langu ni moja. Je, hatia hiyo hudumu hadi lini?

Kwa mtu mzima, sheria za Kenya hazina utaratibu wa jumla wa kuifunga rekodi ya kosa dogo baada ya muda fulani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 133, inampa Rais uwezo wa kusamehe kwa ushauri wa kamati maalumu, lakini mlango huo hupitwa na mtu mmoja mmoja, kwa maombi, na haukuwekwa kwa ajili ya mbeba makaa wa Mutomo aliyelipa faini yake zamani. Nchi nyingine zimekwisha kulijibu swali hili. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1974 ambayo kwayo hatia nyingi huhesabiwa kuwa zimekwisha baada ya miaka maalumu. Afrika Kusini humruhusu aliyepewa adhabu ndogo kuomba rekodi ifutwe baada ya miaka 10. Huko Marekani, jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria mwaka 2018 ili rekodi za makosa madogo zifungwe zenyewe, pasipo mhusika kuhangaika na mawakili.

Najua mwalimu mkuu anayesoma makala haya ameanza kukunja uso. Ana watoto mia kadhaa chini ya ulinzi wake na hataki kufichwa jambo. Nakubaliana naye. Hata Uingereza, anayeomba kazi ya kukaa na watoto huchunguzwa kwa kina zaidi kuliko anayeomba kazi ya duka. Sheria ya TSC ya 2012 inaruhusu jina la mwalimu aliyetiwa hatiani kwa kosa la ngono au kosa dhidi ya mwanafunzi liondolewe katika orodha ya walimu, na rekodi za namna hiyo zisifungwe kamwe. Lakini gunia la makaa linamdhuru vipi mtoto wa darasa la nne?

Linganisha hali hiyo na ya waheshimiwa wetu. Kifungu cha 99 cha Katiba humzuia kugombea ubunge mtu ambaye, wakati wa kuandikishwa au wa uchaguzi, anatumikia kifungo kisichopungua miezi sita; na hata huyo hazuiwi mpaka nafasi zote za rufani zimalizike. Kwa hiyo mwizi wa mamilioni mwenye rufani mahakamani aweza kuomba kura zetu, na akiisha kutumikia kifungo chake kizuizi hicho hakimhusu tena. Katiba imeweka kikomo kwa mtunga sheria. Kijana anayetaka kuajiriwa bawabu hakuwekewa.

Mimi si wakili. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo nadhani lugha ina la kusema hapa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba wakati: "aliiba" ni jambo lililopita. Nomino haina wakati. Ukisema "mwizi", hakuna -li- wala -ta- ndani yake; mtu ni mwizi jana, leo na kesho kutwa. Rekodi isiyo na kikomo hufanya kazi hiyo hiyo, hukigeuza kitendo cha siku moja kikawa jina la mtu.

Na jina lenyewe hupatikana vipi? Shtaka limeandikwa kwa Kiingereza. Karani analitafsiri kwa Kiswahili au Kikamba, mara nyingi kwa haraka, kwa kuwa washtakiwa wengine wamepanga foleni. Kijana anajibu, "Ni kweli." Anachokusudia ni kwamba kweli alibeba makaa. Huenda hakujua kwamba mwenye mali hana kibali, na pengine ujuzi huo ndio kiini cha kosa. Tangu mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuagiza kwamba shtaka na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, maelezo ya kisa yasomwe, kisha aulizwe kama ana la kupinga. Akipinga jambo la msingi, kukiri kwake kubadilishwe. Utaratibu huu ukifuatwa kwa dakika tano zaidi, wengine hawangekuwa na rekodi ya kuifunga.

Maana aliyekiri amejifungia milango mingi. Hawezi kukata rufani dhidi ya hatia yenyewe ila kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu tu, na siku alizo nazo ni 14. Aghalabu hukiri kwa kuwa ameambiwa kwamba faini ni ndogo na jioni atalala kwao.

Mlango mzuri zaidi uko kabla ya hapo, nao haujulikani sana vijijini. Sheria ya Probesheni, Sura ya 64, humruhusu hakimu aliyeridhika kwamba shtaka limethibitishwa amweke mshtakiwa chini ya uangalizi bila kumtia hatiani, akizingatia umri wake, tabia yake na aina ya kosa. Kwa walio chini ya miaka 18, Sheria ya Watoto ya 2022 imekwenda mbali zaidi, kwa kuweka njia ya kuwaepusha na kesi kabisa. Bali siku ya kutimiza miaka 18 huangukia kidato cha nne au mara baada yake, wakati ule ule kijana anapokaa nyumbani akingoja matokeo na kutafuta kibarua cha kupakia lori.

Kitui ina maeneo bunge 8 na Makueni 6. Mmoja wa wabunge hao 14 akiwasilisha mswada wa kufunga rekodi za makosa madogo, tuseme baada ya miaka mitano bila kosa jingine, atapata wa kumwunga mkono katika kila kaunti yenye makaa, mchanga au pombe ya kienyeji. Kwa sasa, mwalimu wa kidato cha nne anaweza kutenga kipindi kimoja kabla ya mtihani awaeleze wanafunzi kwamba mshtakiwa ana haki ya mkalimani bila malipo, kwamba anaweza kumwomba hakimu ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya uamuzi kutolewa, na kwamba aliyeachiliwa huru achukue nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama na kuihifadhi pamoja na vyeti vyake vya shule.