Canva Pro ya buku tano sio yako

Wadau, lile tangazo mmeshaliona: "Canva Pro ya maisha yote, 5,000 tu, njoo inbox." Mtu anatuma hela kwa simu, anarushiwa linki, anabonyeza, na kweli vitu vyote vya kulipia vinafunguka. Mimi nasema usinunue, na siongelei uhalali tu, naongelea biashara yako.

Kinachouzwa pale ni nini? Canva wana mpango wa timu. Mtu mmoja analipia, au mara nyingi ana akaunti ya shule, halafu anaalika wengine. Hiyo linki yako ni mwaliko wa kuingia kwenye timu ya mtu. Kazi unazotengeneza humo zinakaa ndani ya timu ile. Siku mwenyewe akikutoa, au Canva wakiifunga timu nzima, akaunti yako ya bure bado unayo ila kazi zimebaki kule. Sisi Tanga tunaitwa waja leo waondoka leo, basi kwa dalali wa linki wewe ndiye huyo.

Namjua dada mmoja wa Pangani anauza udi na manukato. Logo, lebo za chupa, orodha ya bei, vyote vilikuwa kwenye timu ya mtu asiyemjua. Akatolewa wiki moja kabla ya Idi, na kwa muuza udi Idi ndio msimu wenyewe. Dalali simu hapokei. Alichobaki nacho ni picha ya logo iliyopita WhatsApp mara tatu, ukungu mtupu, steshenari wakakataa kuichapa. Chupa za Idi ile ziliandikwa kwa kalamu.

Ndio maana mtu akiniuliza atumie programu gani, uzuri wa templeti siuangalii kwanza. Namuuliza: kesho ukifungiwa, unabaki na nini mkononi? Na hili sio la madalali peke yao. Machi 2024 Google wenyewe walizima zile kurasa za bure zilizotengenezwa kupitia Google Business Profile. Hawakumdhulumu mtu, walitangaza mapema. Lakini aliyekuwa hana nakala ya picha na maelezo yake alianza upya.

Fungua kabati uangalie kanga. Zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zina alama yake, K.H.E. Mali ya Abdulla. Vitambaa vyenyewe vimechapwa nchi tofauti tofauti, mpaka Japani, lakini alama ni ya mwenye duka. Logo yako inatakiwa iwe hivyo, iweze kuhama mchapaji na kuhama programu.

Sasa tuje kwenye vifaa. Kama una simu tu, Canva ya bure inatosha kabisa. Vya kulipia vinavyotamaniwa zaidi ni kufuta kilicho nyuma ya bidhaa na kubadili saizi kwa mbofyo mmoja. Cha kwanza nunua karatasi ya manila nyeupe, weka bidhaa karibu na dirisha, piga picha mchana bila flashi, kisha ongeza mwanga kwa Snapseed, ambayo ni ya Google na ni bure. Cha pili fanya kwa mkono: 1080 kwa 1350 kwa posti ya Instagram, 1080 kwa 1920 kwa status ya WhatsApp. Ukishayajua hayo mawili, huna haja ya kulipia kitufe.

Ukipata kompyuta, hata ya kuazima, fungua Photopea ndani ya kivinjari. Huinstoli kitu, inafungua mafaili ya Photoshop, na inakupa PNG isiyo na rangi ya nyuma. Ina matangazo pembeni, vumilia. Kwenye simu inabana sana, usijitese. GIMP nayo ipo tangu 1996, bure, ila inataka moyo wa kujifunza. Kwa logo naipenda zaidi Inkscape, kwa sababu faili la SVG halifi ukilikuza. Lile lile la lebo ya chupa linachapwa kwenye bango la duka.

Photoshop ni nzuri, sibishani. Ila tangu 2013 Adobe wameihamishia kwenye malipo ya kila mwezi, na ile ya kukraki inayozunguka kwenye flashi inaweza kukuletea virusi kwenye kompyuta hiyo hiyo unayofungulia email na akaunti za duka. Kwa muuza viatu vya mtumba pale Ngamiani, sioni faida yake.

Halafu uzito wa picha. Kama una ukurasa wa wavuti wenye picha 20 za MB 3 kila moja, mteja anachoma MB 60 za bando kabla hajaona bei. Zipitishe Squoosh, ya bure, nayo inafanya kazi ndani ya kivinjari, uzishushe mpaka KB 150 hivi. Zote 20 zinakuwa MB 3. Mteja wa Mkinga mwenye mtandao wa kusuasua atakuwa ameshafika kwenye namba yako ya simu.

Na ukimlipa fundi akuchoree logo, mafundi mtanisamehe, malizia hela akishakukabidhi SVG au PDF, sio picha ya WhatsApp. Mkubaliane hivyo kabla hajaanza, asije akakuona msumbufu.

Aliyeshanunua ile ya buku tano asikae kusubiri. Ingia leo, pakua kila kitu, PDF na PNG, jitumie kwenye email yako mwenyewe. Anza na logo.