PETROLI YAKO NI MSHAHARA WAKO



Kila tarehe 14 ya mwezi, wenzetu wenye motokaa husikiliza redio kwa wasiwasi, kwa kuwa siku hiyo Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli hutangaza bei mpya. Hatujasahau Oktoba 2023, lita moja ya petroli ilipofika shilingi 217.36 hapa Nairobi. Julai ya mwaka huo kodi ya VAT juu ya petroli ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara nao ukatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Bei ya petroli hutangazwa kila mwezi, lakini mshahara hautangazwi upya kila mwezi.

Chama hakitaacha kudai mishahara na posho ya safari. Lakini tukingoja mapatano yatiwe sahihi, iko petroli inayopotea kwa mguu wa dereva mwenyewe. Hiyo twaweza kuizuia leo.

Sisi wa reli twalijua jambo hili kwa kazi yetu. Dereva wa treni haondoi mabehewa kwa kuyashtua, wala hakimbilii signali nyekundu ili apige breki. Huiona kwa mbali, akapunguza nguvu mapema, na uzito wa treni ukamfikisha. Motokaa ina kanuni hiyo hiyo. Kila upigapo breki ghafula, umetupa mwendo ulioununua kwa petroli. Tena ukipita kilomita 80 kwa saa, upepo huzidi kukupinga, na petroli huliwa upesi.

Pima upepo wa tairi kila mwezi, asubuhi kabla hazijapata moto. Tairi legevu ni mzigo. Toa vitu visivyo na kazi ndani ya buti, na keria juu ya paa kama huitumii. Ukimngoja mtu kwa muda, zima injini.

Tupige hesabu. Motokaa inayokula lita 10 kwa kilomita 100, ikienda na kurudi kazini kilomita 30 kwa siku, siku 24, hutumia lita 72 kwa mwezi. Ukiokoa sehemu moja ya kumi tu, ni lita 7. Tukihesabu lita kwa shilingi 200, hizo ni shilingi 1,400. Na wanachama wawili wa zamu moja, wakaao mtaa mmoja, wakipokezana motokaa zao, kila mmoja huokoa lita 36, yaani shilingi 7,200. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini wako watafutao akiba mahali pa hatari. Wakifika mteremkoni hutoa gia, na wengine huzima injini kabisa. Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ilipata sifa mbaya kwa malori yaliyoteremshwa namna hiyo. Injini ikizimwa, breki huwa ngumu na usukani huwa mzito. Tena hakuna faida. Motokaa nyingi za siku hizi, ukiiacha gia ndani na kuondoa mguu, injini yenyewe hukata petroli. Ndugu, lita moja haina thamani ya mtoto yatima. Wala usiahirishe kutengeneza breki ukasema umeweka akiba.

Jambo la mwisho. Kila mwenye motokaa awe na kijitabu. Aandike kilomita, lita na shilingi, kila atiapo petroli. Kitamwonyesha mahali fedha zinapopotea. Pia akilete katika mkutano wa tawi. Siku viongozi wetu watakapokaa mezani na mwajiri kuzungumza juu ya posho ya safari, wasiende na malalamiko matupu. Waende na hesabu zilizoandikwa kwa mikono ya wafanyakazi wenyewe.

Umoja ni nguvu.